Siku ya 41: sufuria zikisharudi kwa wenyewe, mzazi (mama aliyejifungua) anabaki na nani?

#1 BintiWaLangoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo nauacha, liwalo na liwe.

Mimi ni mama wa wawili, mzaliwa wa Langoni hapa Amu (Lamu). Uzazi wa kwanza ulipita kama wa watu wote. Wa pili, mtoto sasa ana miaka 4, ndio ulioniangusha, na hadi leo nina ndugu wa tumbo moja wasiojua nilifika wapi.

Nisije nikasema uongo: arubaini zangu, zile siku 40 za kulelewa baada ya kuzaa, zilikuwa arubaini za kweli. Mama na halati (mama mdogo) walihamia kwangu. Nilikaa chumba cha ndani, sikugusa ufagio. Mkandaji akija asubuhi na jioni, maji ya moto mpaka nauma kanga kwa meno. Tumbo likafungwa. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, mofa na samli, chetezo cha udi kila magharibi. Siku yenyewe ya arubaini nikaogeshwa, nikatiwa hina, nikavaa dera jipya, mtoto akasomewa, kahawa ikazunguka. Watu wakala wakaniombea, wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi halati akaja kuchukua sufuria zake. Mama naye ilibidi arudi Matondoni, baba hakuwa mzima. Mpaka leo naisikia ile sufuria kubwa ikigonga ukuta wa ngazi, nga, nga, nga, kisha mlango wa chini ukafungwa. Nyumba ikanyamaza.

Siku ya 50 hivi, alfajiri, nilisikia punda analia kichochoroni. Nikawaza, mwenyewe yuko wapi, mbona hamtazami mnyama wake? Nikalala pale namsikiliza na kumhurumia kitambo kizima. Mume wangu alipotoka msikitini akaingia mbio: "Wee, mtoto!" Punda hakuwepo. Alikuwa mwanangu, hatua mbili kutoka kitandani.

Sikuwa na homa. Hata kulia sikulia. Nilikuwa kama kifuu, kimekunwa kikatupwa. Usiku mtoto analala, mimi sipati usingizi, naangalia boriti za dari. Nikitamani nilale nisiamke, basi.

Wiki ya 6 nilishampeleka kliniki. Akawekwa kwenye mizani, akachomwa sindano, kitabu kikaandikwa. "Mashallah mama, unanyonyesha vizuri." Nikasema ahsante. Mimi sikuulizwa neno. Sisemi haya kumchongea mtu, foleni siku hiyo ilikuwa mpaka nje.

Swali langu: nani mwingine yamempata, na ni kitu gani hasa kilichomsaidia? Dua nazipenda na naziomba, lakini leo nataka na mambo ya kufanya. Kuna binti wa jirani yangu yuko siku ya 33, namwangalia macho yake na siyapendi.

#2 KakaMkavu

Pole dada. Lakini tuseme ukweli, bibi zetu walizaa tisa, kumi, na wakasuka makuti na mtoto mgongoni. Hawakuwa na dipresheni. Haya ni madeko ya siku hizi, mtu analetewa supu kitandani bado analalamika.

#3 MjukuuWaMkunga

Kaka, soma tena. Hakulalamikia supu. Anasema supu iliisha siku ya 40.

Na hao bibi zetu, mimi wangu alikuwa mkunga, nimekaa naye. Walizaa kumi, naam, ndani ya nyumba yenye wanawake saba. Mama mtu yuko chini, binti ghorofa ya juu, mtoto wa mkubwa analelewa na nani hata hujui, anapitishwa mkono kwa mkono kama sinia. Leo binti kaolewa Mombasa au Nairobi, anakuja kwao siku arubaini halafu anapandishwa basi na begi la nepi.

Tena waliokuwapo wasioweza, kaka. Hukuambiwa tu. Ilisemwa kapandwa na pepo, ilisemwa kapatwa na kijicho, akafungiwa chumbani na watoto wakaambiwa wasipite mlango ule. Bibi alikuwa akisema, "Kaburi la mzazi hukaa wazi siku arubaini." Ndiyo maana halali peke yake, haachwi gizani. Sisi tumeshika arubaini tukasahau kwamba mwenye kaburi ni mzazi. Kila anayeingia anauliza, mtoto analala? Mtoto ananyonya? Kafanana na nani?

#4 BintiWaLangoni

Kafanana na nani! Nimejibu hilo mara mia mbili nikiwa nimefungwa kanga tumboni kama furushi.

#5 NesiWaBara

Nafanya kazi upande wa bara, hospitali sitaji. Nimeusoma uzi nikiwa zamu ya usiku. Niseme ninayoyajua, mtanisamehe urefu.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu, kwa sababu mitaani vyote vinatiwa kapu moja.

Kuna kulia kule kwa siku ya 3 au ya 4. Maziwa yanaingia, homoni zimeshuka ghafla, mzazi analia kwa sababu chai imepoa. Zaidi ya nusu ya wazazi hupitia hayo, na ndani ya wiki 2 huwa yamekwisha yenyewe. Huyo anahitaji usingizi na mtu wa kumchekesha.

Kuna aliloeleza mwenye uzi. Vitabu vyetu vinaita mfadhaiko baada ya kujifungua, Watanzania wanasema sonona. Huu hauishi kwa wiki 2. Unaweza kuanza wakati wa mimba, unaweza kuanza mwezi wa 2, wa 5, wakati wowote ndani ya mwaka ule. Kwa hiyo arubaini zinaweza kupita salama kabisa na ugonjwa ukaingia baadaye. Mzazi hafurahii kitu, halali hata mtoto akilala, chakula hakipiti au anakula bila kukoma, anajiona mama mbaya, anaogopa kubaki na mtoto, au hasikii chochote kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea ni karibu mama 1 kati ya 5 baada ya kuzaa anayepatwa na tatizo la afya ya akili, hasa mfadhaiko. KakaMkavu, hesabu wanawake waliozaa mwaka huu kwenye mtaa wako, kisha gawanya kwa 5.

La tatu, kuchanganyikiwa akili baada ya kuzaa, ni nadra, mzazi 1 au 2 kwa kila 1,000, lakini hili ndilo la kukimbia nalo. Mara nyingi linakuja ghafla, ndani ya wiki 2 za mwanzo. Mzazi hajalala siku mbili tatu na wala hachoki, anasikia sauti, anasema mtoto huyu si wake, amebadilishwa, au anapanga mambo ya ajabu. Huyo haachwi peke yake na mtoto hata dakika moja, na hospitali ni siku hiyo hiyo, si baada ya kumaliza kisomo cha siku 7. Akitibiwa mapema hupona vizuri sana. Nimewaona kwa macho yangu.

Sasa kupima. Kuna maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1987, na kwa Kiswahili yapo. Yanauliza siku 7 zilizopita: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umeogopa bila sababu? Alama ni 0 hadi 30, na akifika 13 na zaidi tunakaa naye. Wengi wetu hukaa naye hata akifika 10. Hayahitaji mashine wala umeme. Kinachotushinda ni ile foleni aliyoisema mwenye uzi, na aibu. Mama akiulizwa mbele ya mama mkwe "uko sawa?" atajibu alhamdulillahi. Mimi nikitaka jibu namwomba mkwe akanitafutie kadi ya mtoto dirishani.

Swali la 10 linauliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Wengi walikuwa wakidanganya hapo kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa kwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwambieni mzazi aseme kweli. Na usiku ambao hakuna wa kumwambia, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haikati pesa.

#6 Ustadhi_wa_Jioni

Niongeze machache upande wangu, maana najua watu wanasubiri tugombane na nesi.

Bi Maryam, juu yake amani, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alisema laiti angelikufa kabla ya haya akawa kitu kilichosahauliwa. Yamo katika sura yenye jina lake. Tazameni alijibiwaje. Hakuambiwa imani yako ndogo. Aliambiwa usihuzunike, chini yako pana kijito, tikisa mtende zikuangukie tende mbivu, kula, kunywa, utulize jicho lako. Tena akaambiwa siku hiyo asiseme na mtu. Maji, chakula, utulivu, na watu wasimsumbue kwa maswali. Nami nimewahi kuitwa nyumba imejaa wageni thelathini, mzazi katikati anatetemeka, nikaambiwa nisome. Nikasoma, kisha nikawaomba ishirini na tisa watoke.

Jambo jingine ambalo sisi wanaume hatulifikirii: mzazi yuko katika nifasi (damu ya baada ya kuzaa), hasali. Mwanamke aliyezoea kutuliza moyo wake kwa sijda tano, sijda hizo hana wakati anazihitaji zaidi. Dhikri na dua hajakatazwa, mkumbusheni kwa upole.

Kusomewa na hospitali havigombani. Anayekwambia uache dawa ili kombe (aya zilizoandikwa, zikaoshwa, ukanywa) lifanye kazi, huyo anatafuta riziki yake kwako.

#7 BahariaKizingitini

Ustadhi amenigusa hapo mwisho.

Mimi ni mvuvi, kamba mawe. Mke wangu alizaa kaskazi ikiwa imekaa, nami sikuweza kukaa nyumbani, ndio msimu. Niliporudi safari ya pili nikamkuta hanitazami. Mama yake akaniambia, "Yeo siku ya nne, zakula aziwata." Hali, hanywi, mtoto ananyonyeshwa kwa kuwekewa kifuani na shangazi.

Nilikwenda kwa mganga. Mmoja, wa pili, wa tatu. Sitaji pesa, niseme tu mashine ya boti nilikuwa nimeiwekea akiba na sikuinunua. Mwezi wa pili ndipo mhudumu wa afya ya jamii, mama mmoja wa kijijini tu, akaja na daftari lake akakaa naye chini wawili peke yao. Alipotoka aliniambia, mlete Amu kesho.

Kesho yake tumefika mkondo wa Mkanda maji yamekupwa, boti haipiti. Tukangoja. Mtoto analia, mke kajifunika buibui uso mzima, abiria wananitazama kana kwamba nimempiga. Kuna bibi mmoja kutoka Faza, simjui jina mpaka leo, alimchukua mtoto akamwimbia, akampa mke wangu andazi akamwambia kula nusu, nusu nyingine nitakula mimi. Akala. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anatafuna siku ngapi.

Alipata dawa na mtu wa kuzungumza naye. Sasa tuko salama. Lakini nani aliniuliza mimi? Nilikuwa naingia majini nikisahau kama nimefunga mafuta. Jamani baba naye yanampata?

#8 NesiWaBara

Yanampata, kaka. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2010 zilionyesha takriban baba 1 kati ya 10, na zaidi mama akiwa mgonjwa. Wengi hawalii, wanakuwa wakali au wanahamia baraza. Hongera kwa kukaa kwenye ile boti.

Na huyo mama wa daftari usimdharau kwamba si daktari. Kule Pakistan vijijini walichukua wahudumu wa aina yake, wakawafundisha kukaa na mama mwenye mfadhaiko nyumbani kwake na kuzungumza naye kwa utaratibu: afya yake, mtoto wake, watu wanaomzunguka. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Miezi 6 baada ya kuzaa, waliotembelewa hivyo waliobaki na mfadhaiko walikuwa asilimia 23. Wale waliotembelewa kawaida tu walikuwa asilimia 53.

#9 MamaPachaMpeketoni

Mimi kwetu hakuna arubaini. Nilirudi na pacha, mama mkwe akakaa wiki moja akarudi bara kuvuna mahindi yake. Nawasoma na hiyo supu yenu nikiwa na wivu kidogo 😅

Nauliza: niliandikiwa dawa lakini jirani kaniambia zinaingia kwenye maziwa, watoto watalala hawataamka. Sijameza hata moja. Ziko kabatini wiki ya pili.

#10 NesiWaBara

Mama Pacha, usiwe na wivu, uwe na dawa. Kila kitu kinaingia kwenye maziwa kwa kiasi fulani, hata chai yako. Ziko dawa za mfadhaiko zinazofahamika vizuri kwa wanaonyonyesha, sertralini ndiyo inayotangulizwa mara nyingi, kinachofika kwa mtoto ni kidogo sana. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie wazi "nanyonyesha pacha na ninaogopa", na utaje kama walizaliwa njiti. Dawa hizi hazifanyi kazi siku ya pili. Wiki 2 hadi 4 ndipo unaanza kuona mwanga, na ukishajisikia vizuri usiziache ghafla.

Omba pia upimwe damu. Upungufu wa damu baada ya kuzaa, na tezi ya shingoni ikivurugika, vyote vinaweza kumlaza mtu akaonekana ana mfadhaiko. Nimewahi kuona mama anaitwa mvivu na ukoo mzima, kumbe damu imebaki ya kijiko.

Na wewe na pacha, unalala saa ngapi?

#11 MamaPachaMpeketoni

Kulala ni nini?

#12 BintiWaLangoni

Mama Pacha usiondoke uzini.

Nilianza kwa kuuliza, acheni nami nijibu, maana mmoja kaniandikia faraghani anataka kujua nilitokaje.

Nina jirani anauza bajia jioni. Hatukuwa mashoga, salamu tu. Siku ya 52 alikuja kuazima ndimu. Akanitazama, akaitazama nyumba, ndimu akaisahau. Akamchukua mtoto, akaniambia, "Kalale." Si pole, si vipi hali, si mwanamke vumilia. Kalale. Nikalala mpaka magharibi. Nilipoamka vyombo vimeoshwa na yeye keshakwenda kukaanga bajia zake, mtoto yuko naye kwenye karai, yaani pembeni ya karai, msije mkaogopa.

Kesho yake saa ile ile akarudi. Na kesho yake. Kama siku ya sita ndipo akasema, "Mimi nami yalinipata, kwa huyu wa katikati." Akanyamaza. Akachambua mbaazi. Nikaanza kulia mimi, mara ya kwanza. Ni yeye aliyenishika mkono mpaka hospitali, akamwambia muuguzi, "Leo tumemleta mama, mtoto hana neno."

Hapo ndipo nilipoiona tofauti ya wageni. Kuna mgeni wa mtoto na mgeni wa mzazi. Mgeni wa mtoto anakuja na zawadi imefungwa, unavaa vizuri kwa ajili yake, unampikia kahawa, unatoa kaimati, akiondoka una vyombo kumi na mgongo umekatika. Mgeni wa mzazi anaingia na sufuria yake, anatoka na nguo zako chafu.

Tangu mwaka jana tuko watatu mtaani tunafanya hivi: mtu akizaa tunahesabu arubaini, hatuendi. Wakati huo watu ni tele. Tunaanza siku ya 41, kila mmoja siku zake, mpaka mtoto afike wiki ya 14 na ile sindano yake. Tunakwenda baada ya alasiri, saa ambayo mimi nilikuwa naiogopa kuliko usiku. Saa moja tu. Mmoja anabeba mtoto, mzazi analala au anaoga bila mtu kugonga mlango. Hatuleti ushauri. Mmoja wetu ulimi wake ni mrefu, tumempa kazi ya kufua.

Na kliniki tunamsindikiza. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua mwezi wa 9. Zote hizo ni safari za mtoto, lakini mama yuko pale pale, na sisi tunasema kabla hajasema alhamdulillahi: "Dada nesi, na huyu naye muulize."

#13 MjukuuWaMkunga

Siku ya 41. Bibi angekupa kanga ya doti.

#14 KakaMkavu

Sawa, nimesoma yote. Sasa mzazi akikataa? Tuseme ni dada wa mtu. Kafunga mlango, anasema yuko sawa, mumewe anasema yuko sawa, mama anasema ni uchovu. Unaingilia vipi nyumba ya watu?

#15 NesiWaBara

Dada wa mtu huyo ana mtoto wa miezi mingapi?

#16 KakaMkavu

Miezi 3.

#17 NesiWaBara

Usiingie na neno ugonjwa, wala dipresheni. Nenda kama mjomba wa mtoto, peleka kitu cha kula ambacho hakihitaji kupikwa, keti. Muulize usiku anapata usingizi mtoto akiwa amelala. Swali hilo halimuumizi mtu na jibu lake linasema mengi. Akikujibu, usimkatize kumpa mfano wa bibi zetu (samahani, lazima ningesema). Mwambie utampeleka kliniki ya mtoto ya mara ijayo, wewe ubebe mtoto. Akisema maneno ya kutaka kufa, au anasikia visivyokuwepo, hapo huombi ruhusa ya mtu, unampeleka siku hiyo.

#18 KakaMkavu

Yuko Shela. Mimi niko Mombasa kikazi mpaka Ijumaa.

#19 BintiWaLangoni

Shela ni mwendo wa mguu ufukweni, na maji yakijaa kuna boti. Niandikie faragha jina la mlango na mama yake ni nani, ili nisiingie kama mwizi. Nitaenda kesho baada ya alasiri na muuza bajia wangu.

Anakula mofa, au nimpelekee mkate wa sinia?

#20 KakaMkavu

Sinia. Wa nazi. Ahsante dada.